Mashine Iliyowaka Rangi Zote

Siku Luhende alipoingia katika lile duka jipya mjini Tabora, macho yake yaliganda mahali pamoja. Juu ya meza ilikaa kompyuta ya kuchezea gemu, nyeusi ti, ubavu mmoja wa kioo, na ndani yake taa zikipokezana: nyekundu, kijani, zambarau, bluu. Feni zilizunguka zikimeremeta. Alisimama mdomo wazi, akasahau hata kusalimu.

Si kwamba Luhende alikuwa mshamba wa mambo hayo. La hasha! Katika gemu ya mbio za magari, kijana huyu alikuwa moto wa kuotea mbali. Alizoea kucheza kwa kompyuta za kukodi, akawashinda vijana wa mikoa mingi mtandaoni, hadi timu moja ya Dar es Salaam ikamwona. Timu hiyo ilitaka dereva mmoja tu kutoka kanda ya magharibi, imwajiri kwa mshahara. Waliobaki walikuwa wawili: yeye na Najiat, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem. Wangeshindana Jumamosi, kila mmoja kwa kompyuta yake mwenyewe, na mshindi ndiye angeajiriwa. Luhende alilala akiiwaza nafasi hiyo na kuamka akiiwaza.

Mama yake, Gaudensia, mkulima wa Kwihara, alikuwa ameuza asali yote ya mizinga aliyorithi kwa baba yake huko Sikonge, akamkabidhi milioni moja na nusu. "Mwanangu, asali ya mwaka huu ndiyo hii," alimwambia. "Nyingine mpaka nyuki wapende wenyewe."

"Inyanyue, kaka," alisema Wilbroad, mwenye duka, mtu wa maneno matamu. "Kitu kizito ndicho kitu."

Luhende akainyanyua, ikamlemea mikononi. Akaijaribu kidogo, gari likaenda kama mshale. Alipoomba ifunguliwe aone ndani, Wilbroad alicheka.

"Tukiifungua, dhamana imekufa. Halafu yupo mteja wa Nzega anaifuata leo hii. Shauri yako."

Luhende aliomba apewe muda kidogo, akapita kwa Abbasi, fundi wa kompyuta wa Chemchem. Abbasi alikuwa Mzaramo aliyehamia Tabora na kuoa hapo hapo. Na Mzaramo na Mnyamwezi, kama ajuavyo kila mtu, ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokutana pwani na kufanya biashara.

"Mbeba mizigo huyo!" Abbasi alipiga kelele alipomwona. "Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo. Wewe leo umekuja kubeba nini?"

"Kompyuta, Mzaramo mla nazi mbovu. Hilo bati umeliokota jalala gani?"

Bati lenyewe lilikuwa kompyuta ya kijivu, imebabuka rangi, kona moja imebonyea.

"Hili lilikuwa la ofisi," Abbasi alisema. "Nimelitia kadi nzuri ya picha, na pawasaplai ya kweli, ile inayogawa umeme ndani. Liko wazi, chungulia. Kaa hapa ulicheze mpaka jioni. Likizima usilinunue. Na bei yake iko ndani ya hela ya asali ya mama yako."

Luhende hakuchungulia. Alianza kusimulia ile mashine ya kwa Wilbroad, taa zake, kioo chake. Abbasi akaweka bisibisi chini.

"Ile si kompyuta, mtani. Ile ni jiko! Jumamosi utachomea mahindi. Itakuungulia mbele ya Najiat, nami nitakuja msibani kwako nile pilau."

Luhende alicheka hadi akajishika mbavu. Hapo ndipo alipoponzwa. Maneno hayo hayo yangetoka kwa mtu mwingine yeyote, angesita, angeuliza kwa nini. Lakini mtani kazi yake ndiyo hiyo: ukinunua ng'ombe atasema umeuziwa paka, ukioa atasema umeoa bibi yake.

"Luhende, safari hii nasema kweli," Abbasi alimwambia, uso umekunjamana.

"Tangu lini Mzaramo akasema kweli?" alijibu Luhende, akatoka akicheka. Jioni ile mashine ya rangi zote ikaingia chumbani kwake. Lile bati la kijivu alilinunua Najiat kesho yake, baada ya kulicheza kutwa nzima pale kwa fundi.

Jumamosi ikafika. Gaudensia alikuja kutoka Kwihara amevaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kitandani nyuma ya mwanawe. Mbio zilipoanza, Luhende alichomoka mbele, na Najiat akamfuata unyounyo. Kona ya kwanza akaikata vizuri. Ya pili pia. Mama mtu akapiga kigelegele.

Kisha feni zikaanza kulia. Harufu ya plastiki inayoungua ikapanda puani, na gari lake kwenye skrini likaanza kwenda kwa kushtukashtuka, huku la Najiat likisogea.

"Mama, ipepee!"

"Nini?"

"Mashine, mama! Ipepee!"

Gaudensia akachukua kipande cha boksi, akaipepea kompyuta kama anayepepea makaa. Kijasho chembamba kilimtoka Luhende. Alipunguza uzuri wa picha, akafunga kila kisichohitajika, akabembeleza, "Twende, twende, bado kidogo tu." Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Skrini ikawa nyeusi.

Aliwasha tena, wapi. Na taa? Taa ziliendelea kucheza nyuma ya ule ubavu wa kioo, nyekundu, kijani, zambarau, kana kwamba zinamzomea. Sauti ya msimamizi wa mbio ikatoka kwenye simu: dereva aliyekatika mtandaoni ana robo saa ya kurudi, la sivyo mbio zitamalizwa bila yeye.

"Abbasi!" Luhende alilia kwenye simu. "Njoo, ndugu yangu, njoo mbio!"

Abbasi alikuja anahema, bisibisi mkononi. Hakusalimu mtu. Akafungua ubavu wa mashine, akatoa kadi ya picha: kuukuu, imeungua ukingoni, imebandikwa nembo mpya. Chini yake pawasaplai ilikuwa kijidude chepesi, nyaya zake zimeyeyuka. Pembeni, nyuma ya kifuniko cheusi, kulikuwa na kitu kilichoviringishwa kwa utepe. Abbasi akaupasua utepe.

Kilikuwa kipande cha mninga, kimekatwa vizuri kwa msumeno.

"Hiki cha nini?" aliuliza Gaudensia.

"Cha kuongeza uzito, mama. Ili mtu akiinyanyua aone amepata kitu."

"Funga nyingine! Tia yako!" Luhende alimshika mkono. "Muda bado upo, Abbasi!"

"Niliyokuwa nayo anayo Najiat."

Luhende akamwachia mkono. Simu ndiyo iliyozungumza: robo saa imekwisha, Najiat amemaliza mbio peke yake, nafasi ni yake, timu inamkaribisha. Luhende alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti mbele ya mama yake. Alikuwa dereva bora kuliko Najiat, na sasa hakuna mtu ambaye angelijua hilo.

"Nitanie basi, Mzaramo," alisema alipoweza kusema. "Ulisema utakuja msibani. Nitanie!"

Mtani hutania hata makaburini, huruka ndani ya shimo na kudai ada, na waliofiwa hucheka. Lakini Abbasi aliinama akaanza kuokota skrubu za mashine sakafuni, moja moja.

"Leo siwezi, ndugu yangu," alisema.

Gaudensia alichukua kile kipande cha mti, akakipima kiganjani kama alivyozoea kupima sega la asali. Aliitazama mashine ile, taa zake bado zikiwaka rangi zote, akatikisa kichwa. Akasema taratibu, kwa uchungu, "Ama kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."