Pengo la Jenoveva

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Hasara ndogo ipokee, usije ukapatwa na ile isiyo na dawa. Jenoveva wa Butiama aliijua methali hiyo kwa ulimi; kuijua kwa moyo kulimgharimu.

Yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa ngoma katika kijiji chao cha Ujamaa, na sauti yake ilipenya vishindo vya ngoma kama wembe katika kitambaa. Mswaki aliuona kazi ya vijana wanaotafuta wachumba. Fizi zikitoa damu, alitema akaendelea kuchuma pamba. Gego lilipotoboka, alilifukia kwa tumbaku na kutafunia upande wa pili.

"Twende hospitali," mumewe, Stanislausi, alimsihi mara kwa mara.

"Wakining'oa nitaimba kama filimbi iliyopasuka. Nani atanisikiliza?"

Kijiji kikaalikwa Bunda kushindana kwa nyimbo siku ya Saba Saba. Mazoezi yalipopamba moto, shavu la Jenoveva lilivimba likang'aa kama embe bivu. Uji ukamshinda, hata mate yakawa shida kumeza. Safari hii Stanislausi hakusihi. Alimpakia kwenye lori la pamba, wakashuka Musoma.

Mganga wa meno, Leodgar, alimpapasa chini ya taya, uso ukambadilika.

"Mama, usaha unashuka shingoni. Ukifika kooni utaziba pumzi. Lazima niyang'oe magego mawili na chonge. Ungewahi, pengine lingetoka moja tu."

"Na kuimba?"

"Maiti haimbi, mama."

Jenoveva alimgeukia mumewe. Stanislausi alikuwa ametazama dirishani, machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo Jenoveva alipoelewa: yeye aliogopa pengo, mwenzake aliogopa kaburi.

"Ng'oa," akasema.

Alichomwa sindano, meno yakang'olewa, akasukutua maji ya chumvi, uvimbe ukanywea. Nyumbani maneno yalimponyoka mdomoni kama kambale, naye akayarudia kila jioni mpaka yakatii.

Siku ya Saba Saba uwanja wa Bunda ulifurika. Jenoveva alipofungua kinywa, wapinzani wakaliona pengo na kuangua kicheko. Ngoma zikasita. Jenoveva alitabasamu waziwazi, akatunga papo hapo:

"Mnalicheka pengo, chekeni, mwenye pengo yu hai, anaimba!"

Sauti ilikuwa ile ile. Wenzake wakaitikia, vigelegele vikapaa, na waliocheka wakajikuta wanacheza. Butiama wakaondoka na fahali wa ushindi, Stanislausi akimwongoza kwa kamba, kifua mbele.

Kesho yake wanawake wawili walimjia Jenoveva, kila mmoja ameshika shavu. Hakuwahubiria. Alijifunga kanga, akatangulia nao hadi kwenye lori la Musoma. Njiani mmoja aliuliza kama kung'olewa kunauma.

"Kunauma," alijibu, "lakini heri nusu shari kuliko shari kamili."