Jicho la Pili la Tulivu

Sogeeni karibu, tusikilizane vizuri. Hadithi hii ina mwanzo na ina katikati, lakini mwisho wake umeachwa mikononi mwenu.

Katika kisiwa cha Namasoro, ndani ya Ziwa Viktoria, boti mpya huchorwa jicho moja tu. Huchorwa upande wa kushoto wa pua yake, siku inaposhushwa majini. Upande wa kulia huachwa mtupu. Boti husafiri hivyo hivyo, chongo, mpaka siku itakapoingia hatarini na kutoka salama. Hapo aliyeiokoa hupewa brashi, akachora jicho la pili kwa mkono wake, na jina lake likaandikwa chini ya jicho hilo. Mkono mmoja, jina moja. Watu wa Namasoro husema jicho likichorwa na mikono miwili litaona njia mbili, na boti haiwezi kufuata zote.

Anayetoa brashi ni nahodha. Akishaitoa, hairudi.

Nahodha wa boti iitwayo Tulivu alikuwa Nyangeta, binti Masatu. Boti ya marehemu baba yake ilizama ikiwa bado na jicho moja, kwenye Mawe Mapacha, miamba miwili mikubwa iliyosimama katikati ya njia ya kwenda gulioni. Kati ya miamba hiyo pana mlango wa maji, upana wake kama boti tatu zikipangwa ubavu kwa ubavu. Nyangeta alikuwa amepita pale mara nyingi, na kila mara alishika usukani kwa mikono miwili na hakujibu salamu ya mtu.

Jumatano moja asubuhi Tulivu iliondoka Namasoro ikiwa na abiria arobaini na mmoja. Watatu kati yao ndio wa kuwajua.

Wa kwanza ni Bwire, fundi redio, ambaye pia ni mume wa nahodha. Kipaji chake kilikuwa mikono isiyotetemeka. Aliweza kuunganisha nyaya nyembamba kama nywele huku watoto wakigombana chini ya meza yake.

Wa pili ni Mama Nyamweko, muuza dagaa. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Akizungumza na watu hamsini, kila mmoja alidhani anazungumza naye peke yake.

Wa tatu ni Fundi Manumbu, mshona nguo. Kipaji chake kilikuwa macho. Hakuwa mtu wa maneno, lakini kitambaa kikilala vibaya mezani, hata kwa upana wa ukucha, alikiona kabla mkasi haujakigusa.

Sasa, juu ya paa la Tulivu, kwenye nguzo ya chuma, palikuwa na kitu cheupe cha duara, kama chungu kilichofunikwa. Hiyo ni rada. Rada hupeleka mawimbi yasiyoonekana, yakagonga mwamba au boti nyingine, yakarudi, nayo ikajua kuna nini mbele hata kama macho ya mtu hayaoni kitu. Inachokiona hukionyesha kwenye kompyuta. Rada hii haikuwa na waya wa kwenda kwenye kompyuta. Zilipaswa kuongea hewani, kama simu zinavyoongea.

Zilipaswa, kwa sababu zilikuwa bado hazijaongea. Fundi aliyetoka mjini aliifunga rada juu, akaweka programu kwenye kompyuta ya nahodha, kisha akapigiwa simu ya msiba. Akafungasha vifaa vyake haraka.

"Nahodha, nitarudi Alhamisi niziunganishe," alisema akiwa tayari mguu mmoja uko kwenye mtumbwi. "Neno la siri liko kwenye stika, chini ya rada. Na ukumbuke, hii rada huongea na wawili tu kwa wakati mmoja. Wa tatu akija, inamkataa."

Nyangeta aliitikia, akamwombea safari njema. Alhamisi haikuwa mbali.

Lakini ukungu ulikuja Jumatano.

Ulikuja pamoja na manyunyu, mzito, mweupe, mpaka aliyekaa nyuma ya boti hakumwona aliyekaa mbele. Nyangeta alipunguza injini. Dira ilimwonyesha kaskazini iko wapi, ila haikumwonyesha mawe yako wapi. Alijaribu nanga, kamba ikaisha kabla ya kufika chini. Na mkondo wa maji ulikuwa unawasukuma taratibu kuelekea Mawe Mapacha.

"Baba Majura," alimwita mumewe kwa sauti ya chini, ili abiria wasisikie. "Tunakwenda kwenye mawe, na siyaoni."

Bwire aliangalia paa. "Rada inawaka?"

"Inawaka. Kompyuta nayo inaliona jina lake. Inadai neno la siri."

Bwire akavua viatu. Alichukua kioo kidogo anachotumia kuchungulia ndani ya redio, akapanda paani. Paa lilikuwa linateleza na boti inayumba. Ile stika ilikuwa imebanwa kati ya rada na bamba la chuma, palipo na nafasi ya kidole kimoja tu. Akakumbatia nguzo kwa mkono wa kushoto, akakisukuma kioo kwa mkono wa kulia, akaanza kusoma. Maandishi kwenye kioo huja kinyume, nanyi mnajua. Bwire aliyageuza kichwani, moja moja, mvua ikimpiga usoni, na kioo hakikutikisika. Mkono wa kuandikia hakuwa nao, kwa hiyo alipaza sauti.

"K kubwa. Nne. R ndogo. R nyingine ndogo. Tisa."

Nyangeta aliandika kwenye kiganja chake. Herufi nane zilipotimia, aliziingiza kwenye kompyuta, akabonyeza.

Kompyuta ikamkataa.

Akarudia polepole. Ikamkataa tena, ikasema nafasi zimejaa. Nyangeta alishangaa. Zimejaa vipi, na neno la siri limejulikana sasa hivi tu? Akainua kichwa, akawatazama abiria wake. Karibu wote walikuwa wameinamia simu.

Mnaelewa kilichotokea? Katikati ya ziwa simu hazishiki mtandao. Ghafla watu wameona waifai mpya, na mtu yuko paani anatangaza neno la siri. Nani angeacha bahati hiyo? Kila mmoja alijaribu kujiunga, apate intaneti ya bure, awaambie wa nyumbani kwamba amechelewa.

"Zimeni simu," Nyangeta alisema. "Zinaizuia rada."

"Yangu nimezima," walijibu wengi kwa pamoja, na hakuna kidole kilichosogea. Alipoizima moja kwa mkono wake, nyingine iliichukua nafasi yake kwenye rada.

Hapo Mama Nyamweko akasimama. Alikuwa na sufuria lake kubwa la dagaa, tupu, lenye mfuniko. Aliliweka katikati ya boti.

"Jamani, nimejiunga mimi wa kwanza," alisema. "Nilitaka kumwambia binti yangu asichome ugali. Sasa hiyo rada haina habari za ugali. Ina habari za mawe, na tumeiziba masikio." Akazima simu yake, akaiweka ndani ya sufuria. Kisha akaingiza mkono kwenye mkunjo wa kitenge, akatoa simu nyingine, mpya, inayong'aa.

Shingo zikanyooka kuitazama.

"Mama Nyamweko una simu mbili?" aliuliza jirani yake. "Na juzi uliniomba yangu upige?"

"Ninazo mbili, na leo umejua. Utanicheka tukifika." Akaizima, akaiweka. "Anayetaka kuwaambia wa nyumbani kwamba anakuja, kwanza aje."

Watu wakacheka, na katika kucheka mikono ikaanza kuleta simu. Mama Nyamweko alimwita kila mmoja: shemeji, mwanangu, babu, wewe wa kofia. Simu zote zikaingia, isipokuwa moja. Mwalimu mkuu mstaafu alikaa wima, ameshika mwavuli wake kwa heshima kubwa.

"Mwalimu, yako?"

"Sikuja na simu leo."

"Basi mfuko wa shati lako unawaka taa," alisema Mama Nyamweko kwa upole. "Ulitufundisha kwamba anayechelewa kukusanya karatasi anawaponza wenzake."

Mwalimu akakohoa, akakusanya. Mama Nyamweko akafunika sufuria, akalikalia.

Nyangeta akabonyeza tena. Mstari mwembamba ulizunguka kwenye kioo cha kompyuta kama mshale wa saa, na nyuma yake picha ikajitokeza. Katikati ni Tulivu. Juu, alama kubwa nyekundu: mwamba. Chini, nyingine kama hiyo: mwamba wa pili. Upande wa kulia, peupe. Mlango.

Pumzi ilimtoka Nyangeta. Mwamba uko mbele, mlango uko kulia. Akashika usukani ageuze kulia.

"Nahodha, ngoja," alisema Fundi Manumbu.

Alikuwa ameinama juu ya kompyuta, uso karibu uguse kioo. "Hiki kinukta cha kushoto ni nini?"

"Sijui. Jiwe dogo labda."

"Jiwe haliwi na tabia hii. Tunasogea, nalo linasogea. Halituachi, halitufikii." Akafikiri. "Sisi tunavuta nini?"

Tulivu ilikuwa inavuta mtumbwi wenye mapipa mawili ya chuma, kwa kamba ndefu, nyuma.

"Mtumbwi uko nyuma," alisema Nyangeta. "Kinukta kiko kushoto."

"Ndiyo. Naomba watu wauvute kidogo."

Abiria wawili walivuta kamba, mtumbwi ukasogea karibu na boti. Kwenye kompyuta, kinukta cha kushoto nacho kikasogea karibu. Wakaulegeza, kikarudi mbali.

"Picha imelala vibaya," alisema Fundi Manumbu. "Rada imefungwa upande-upande. Inachoita kushoto ni nyuma yetu. Basi inachoita kulia ni mbele. Ukigeuza, nahodha, unakwenda kwenye ule mwamba wa chini."

Nyangeta alitoa mkono kwenye usukani, akaigusa kompyuta. "Nitairekebishaje? Sikufundishwa."

Fundi Manumbu naye hakufundishwa. Alichofanya ni kile anachofanya kitambaa kikilala vibaya: alikigeuza. Aliinua kompyuta, akaisimamisha kwa ubavu, upande wa kulia ukawa juu, akaikumbatia kifuani kama anayepigwa picha na cheti. Mtumbwi ukawa nyuma, miamba ikawa kulia na kushoto, na mlango ukawa mbele, umenyooka.

Nyangeta hakugeuza usukani. Alikwenda mbele, polepole, macho kwenye kompyuta iliyosimama kwa ubavu. Bwire, ambaye bado alikuwa paani, alisikia maji yakipiga mwamba wa kushoto, kisha yakipiga wa kulia. Wote walisikia harufu ya kinyesi cha mnandi, ndege wanaolala juu ya mawe yale. Hakuna aliyeuona mwamba. Kisha sauti zikabaki nyuma, na harufu nayo ikaisha.

Mama Nyamweko akainuka juu ya sufuria. "Njooni mchukue simu zenu," alisema. "Na atakayemwambia mtu kuhusu ile ya pili, nitamjua."

Jumamosi iliyofuata Tulivu ilivutwa ufukweni. Kopo la rangi nyeusi likafunguliwa, na la nyeupe. Kisiwa kizima kilikuja, na kila aliyekuja alikuja na hukumu yake.

"Ni Bwire," walisema wengine. "Bila neno la siri rada ingebaki chungu juu ya paa. Na ni yeye peke yake ambaye angeweza kuanguka majini."

"Ni yeye peke yake pia aliyelitangaza kwa boti nzima," wakajibiwa. "Alifungua mlango, akauziba papo hapo."

"Ni Mama Nyamweko. Kusoma herufi ni kitu kimoja. Kuwanyang'anya watu arobaini simu bila ugomvi ni kitu kingine."

"Na si yeye aliyekuwa wa kwanza kujiunga? Alisafisha uchafu aliosaidia kuumwaga."

"Basi ni Fundi Manumbu. Picha ya uongo ni mbaya kuliko ukungu. Kwenye ukungu ungeogopa. Kwenye picha ile ungekwenda kwa furaha."

"Lakini picha yenyewe aliikuta. Angegeuza nini, kama wale wawili hawakuileta?"

Bwire alimsogelea mkewe. "Mama Majura, usinipe mimi. Watasema umempa mumeo."

Mwalimu mkuu alisikia. "Kwa hiyo mtu akimwoa nahodha, mikono yake haihesabiwi?" aliuliza.

"Mimi naitaka hiyo brashi," alisema Mama Nyamweko. "Sitasema uongo. Ndani ya boti hii nimeshasema ukweli mmoja, na wa pili si mzito."

Fundi Manumbu akasogea mbele. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Alikuwa amechora macho sita, moja tofauti na jingine, tangu Alhamisi usiku.

Nyangeta aliwatazama wote watatu. Mmoja alimpa sauti ya kuiita rada, mmoja akampa kimya ili isikie, mmoja akampa maana ya ilichosema. Alimfikiria baba yake, aliyefika kwenye mawe yale akiwa na boti ya jicho moja na hakuna wa kumwambia ngoja. Akaichovya brashi kwenye rangi nyeusi. Akaiinua. Tone moja likaanguka mchangani.

Watoto wa Namasoro husema kwamba ukienda kule leo utakuta jicho la pili limechorwa, na jina liko chini yake. Ila wamekataa kusema ni jina la nani, mpaka kwanza uwaambie: brashi ile ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani kati ya watatu hao, na wale wawili wengine ungewaambia nini?