Kinga Moja ya Radi, Shule Mbili

Sogeeni. Na wewe mwenye tabia ya kujibu kabla mtu hajamaliza, leo funga mdomo mpaka nikuruhusu. Hii ni habari ya watu watatu na chuma kimoja, na watu wote watatu ni wema, ndiyo maana inanikera. Angekuwepo mwizi humu tungemaliza mapema tukaenda kula.

Wa kwanza ni Nkwimba, mama mwenye binti mmoja tu, Holo, wa darasa la tatu. Kipaji cha mama huyu ni mdomo. Nkwimba akikuomba jembe, unampa na mpini wa akiba. Wa pili ni Gamaya, fundi wa kuchomelea, ambaye urefu haumtishi. Anapanda mnara kama wewe unavyopanda kitandani. Wa tatu ni Mwalimu Kasanda, mkuu wa shule, mtu mpole mwenye subira ya maofisini. Akiambiwa njoo kesho, anakuja kesho, na kesho yake, mpaka anayemzungusha anaona haya mwenyewe.

Kijiji chao kiko kwenye nchi ya pamba, na mvua za kule huja na radi. Mwaka mmoja radi ilipiga darasa la nne mchana kweupe, watoto wakiimba jedwali la saba. Watoto wanne walianguka. Watatu waliinuka. Wa nne, Masalu, hakuinuka, na huyo alikuwa mtoto wa fundi Gamaya.

Tangu siku hiyo Nkwimba aliingiwa na hofu isiyomtoka. Wingu likijikusanya tu anaacha kupalilia, anasimama kutazama upande wa shule. Umeme ukimulika anahesabu, moja, mbili, tatu, hadi ngurumo isikike, kwa sababu Mwalimu Kasanda alimfundisha kwamba hesabu ikiwa ndefu radi iko mbali. Ziko siku hakufika mbili.

Ndipo wazazi wakakubaliana kununua kinga ya radi, ule mkuki wa shaba unaowekwa juu ya jengo ili radi ikija ishuke kwenye waya na kuishia ardhini. Sasa tegeni masikio kila mmoja alifanya nini. Mkichanganya hapa, mbele mtanisumbua.

Nkwimba aliwakusanya wazazi. Fedha hawakuwa nazo, mikono walikuwa nayo, basi wakaunda kundi la vibarua. Misimu miwili walipalilia pamba za watu huku zao zikimezwa na magugu, na ujira wote ukaenda kwenye kinga. Wengi wao walikuwa wa ng'ambo ya korongo, upande wa mlimani anakokaa Nkwimba mwenyewe. Bila yeye hakuna ambaye angeinama.

Mwalimu Kasanda alikwenda mjini mara tisa, tena kwenye likizo yake, maana kitu kama kile hakiuzwi kwa muuza sukari. Akapata kibali, akapata mtaalamu wa kuelekeza shimo la kuzikia waya lichimbwe wapi na lijazwe makaa na chumvi kiasi gani, akambembeleza muuzaji hadi akashusha bei. Bila yeye ujira wa wazazi ungebaki kwenye kopo.

Gamaya alikuwa na nguzo ndefu ya chuma aliyoitunza ili ajengee mnara wa tangi lake la maji. Akaitoa. Akaichomelea, akapanda nayo, akafunga shaba kileleni na kuteremsha waya mpaka shimoni. Aliposhuka wakamuuliza ujira wake ni kiasi gani. "Nimeisimamisha pale alipoanguka mwanangu," alisema. "Mnilipe nini tena?" Bila yeye ile shaba ingelala stoo.

Halafu wakafanya kosa. Si mnajua kwetu, kitu kikishaingia shuleni, hata kiti cha miguu mitatu, lazima kipakwe herufi. Wazazi kwa furaha yao wenyewe walileta kopo la rangi nyeupe. Nkwimba ndiye aliyeshika brashi, akaandika kwenye nguzo MALI YA SHULE, herufi kubwa kama za saluni, na akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyedhani kuna siku mtu atayasoma maneno yale kwa sauti.

Mwaka wa tatu tangu radi ile ipige, watoto walizidi madarasa, na korongo likijaa maji wale wa ng'ambo walikuwa wanakwama. Serikali ikajenga shule ya pili mlimani, na watoto wote wa ng'ambo wakahamishiwa huko, Holo akiwemo. Shule ile iko juu kabisa, pakavu, hapana hata kichaka, na bati lake linaonekana kutoka kila upande. Kinga haina. Siku Nkwimba alipoliona bati lile mara ya kwanza alikaa chini barabarani.

Najua mnachotaka kusema. Wanunue nyingine. Watanunua, baada ya misimu miwili ya kulima, na mvua ni mwezi huu. Watoto wasiende shule wingu likitanda. Kule wingu hutanda kila siku kwa miezi mitatu. Wa mlimani warudi shule ya zamani. Wakae wapi, na korongo walivuke vipi? Haya, tuendelee.

Siku lilipoonekana wingu la kwanza, saa nne asubuhi, Nkwimba na wazazi wa ng'ambo walivuka korongo wakiwa na ngazi mabegani. Wakamtumia ujumbe Gamaya aje na spana. Mwalimu Kasanda akatoka ofisini akawakuta chini ya nguzo.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," Nkwimba alisema.

"Marahaba, Mama Holo. Ngazi ya nini?"

"Tumekuja kuchukua kinga. Tuliilimia sisi, Mwalimu. Migongo yetu unaijua."

Mwalimu akayasoma maandishi kwa sauti. "Huu ni mwandiko wako, na kwenye daftari la mali za shule nimeiandika mimi. Ikiondoka nitaulizwa. Lakini sitakudanganya, siogopi kuulizwa. Nina watoto mia nne humu. Kule kwenu wako mia mbili."

"Mia mbili walio juu zaidi. Si wewe uliyenifundisha kwamba radi hutafuta kilicho juu?"

Na ni kweli alimfundisha.

Mzazi mmoja akamgeukia Gamaya, aliyekuwa amefika na spana yake. "Fundi, nguzo ni yako. Sema neno."

"Ilikuwa yangu," Gamaya alijibu. "Nikaitoa kwa ajili ya Masalu. Kila nikipita hapa najiambia, hatalala mwingine. Anayeweza kupanda kuifungua ni mimi peke yangu. Na kuifungua, kuivusha, kuchimba shimo na kuifunga upya ni kazi ya siku nzima, na siku hiyo hakuna shule yenye kinga, si hii wala ile. Radi ikirudi hapa, nitakuwa nimeikaribisha mimi."

"Na Holo wangu?" Nkwimba aliuliza kwa sauti ndogo. "Baba Masalu, wewe si unajua ilivyo."

Neno lilipomtoka alijuta. Gamaya akamshika mkono, akamwekea spana kiganjani.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana mimi sitaamua. Wewe ndiye uliyetuita sote, mwanzo na leo. Ukinirudishia spana, napanda. Ukiiweka chini, naenda nyumbani."

Umeme ukamulika nyuma ya mlima. Nkwimba akaanza kuhesabu. Darasani jedwali la saba lililokuwa likiimbwa lilikatika, na madirishani zikajaa nyuso za watoto wakimtazama yeye, si wingu. Mmoja, binti mdogo kuliko Holo, alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Kutoka mlimani ikasikika kengele ya mapumziko, kumaanisha Holo yuko nje uwanjani, mahali pasipo na kichaka. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ngurumo ikafika, bati likatetemeka, na Nkwimba bado alikuwa ameishika spana.

Mimi nilisimuliwa mpaka hapo, na aliyenisimulia alikataa kuendelea. Sasa wewe uliyekuwa unahangaika kujibu, nakuruhusu. Kinga ile ni ya nani? Ya wazazi walioilimia? Ya fundi aliyeitolea nguzo na uchungu wake? Au ya shule, kama ilivyoandikwa pale kwa mkono wa mama yule yule? Spana naiweka hapa katikati yenu. Mwenye jibu aiokote, ila kabla hajaiokota atuambie ni watoto wa shule ipi atakaokwenda kuwaeleza kwa nini wao wamebaki bila kinga.