Mashungi na Nywele Zake

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, ng'ombe alikanyaga tope nyuma ya jiko la Bi Mwanamvua. Mvua ikanyesha, unyayo ukawa kidimbwi. Humo akazaliwa Mashungi, kidudu mdogo hata jicho halimwoni. Hana mguu, hana pezi, hana mkia. Ana nywele tu, mwili mzima, mpaka tumboni. Hizo ndizo makasia yake.

Jua likawaka. Maji yakapungua, yakapungua. Ikabaki njia moja nyembamba ya maji, ya kutokea kwenda mtaroni, kwenye maji mengi.

"Hii ikikauka tumo humu, tumekufa," akasema Mashungi, na hofu ilimshika kwelikweli.

Kiluwiluwi, mtoto wa Chura, akapita zake kwenda mtaroni, mkia pwata, pwata. "Ndugu yangu, nywele zote hizo na bado uko hapo hapo?"

Mashungi akaona haya. Akageukia nywele zake. "Sikilizeni. Mkubwa ni mimi. Nikisema piga, mpige nyote pamoja. Piga!"

Chubwi, akaenda mbele. Nywele zikarudi zote pamoja. Chubwi, akarudi nyuma.

"Piga!"

Chubwi mbele, chubwi nyuma. Asubuhi nzima amesafiri, na amefika palepale. Nywele za kushoto zikasema za kulia zina uvivu. Za kulia zikatukana.

Kule jikoni Bi Mwanamvua na binti zake wawili walikuwa wakitwanga mahindi. Michi mitatu, kinu kimoja: twa, twa, twa.

Unywele mmoja wa nyuma ukasema, "Mkubwa wetu, wale michi yao haigongani. Mmoja akishusha, mwenzake anainua. Na hakuna anayewapigia kelele."

Mashungi akakasirika. Kisha akatazama njia ya maji, imebaki kama uzi. Akameza kiburi chake, kichungu hicho. "Haya. Nanyamaza."

Unywele wa kwanza ukapiga. Wa pili ukafuata, wa tatu, wa nne, twa-twa-twa, mpaka wa mwisho, na wa kwanza ukaanza tena. Mashungi akateleza, shwaaa, mpaka mtaroni kwenye maji tele.

"Mmeona nilivyoogelea?" akauliza.

Nywele zikaendelea kupiga, twa-twa-twa. Zilikuwa kazini.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: umoja si kuvuta wote kwa mpigo. Umoja ni kila mtu kuijua zamu yake, na mkubwa kujua zamu yake ya kunyamaza.

Hadithi yangu imeishia hapo mtaroni. Anayetaka kwenda mbele zaidi, na aogelee.