Mtengenezaji wa Ngozi na Jirani Yake

Mama zangu na dada zangu, enzi za ukoloni palikuwa na mtengenezaji wa ngozi aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya namna alivyosali. Akatembea na mama yake mzee hadi mji mmoja wa bandari, wakafika wakiogopa hata kuomba maji.

Mkuu wa mji, mtu wa ng'ambo, aliwauliza kazi yao tu. Alipoisikia akasema, "Salini mpendavyo. Ngozi zangu zinaoza."

Padri wake akanung'unika. "Bwana mkuu, hawa si wenzetu."

"Basi utaziloweka wewe, Padri?"



Mtengenezaji wa ngozi akajenga nyumba ndogo ya sala. Mama yake alipokufa, akamzika ubavuni mwa nyumba hiyo. Na katika kila sala alimwombea mkuu maisha marefu.

"Mkuu huyu ana moyo wa Mungu," alimwambia jirani yake, muuza mafuta ya nazi, Mwislamu kama sisi.

"Ana moyo wa ngozi, jirani. Hata msikiti wetu unadhani umesimama juu ya nini? Nazi hizi hizi, kwa kuwa mkuu ananunua mafuta yake."

Wakacheka mpaka machozi.

Kisha meli zikaacha kununua ngozi, zikataka utomvu wa mpira. Mkuu akahitaji ghala la kuuwekea, na kiwanja kilichomfaa kilikuwa kile cha nyumba ya sala. Ghafla dini ya mtu yule ikawa ya hatari; askari wakaja kumwambia avunje nyumba ya sala na aondoe kaburi.

Akakimbilia kwa jirani. "Wewe mkuu anakusikiliza. Mwambie amwache mama yangu alale."

Jirani akayatazama mapipa yake. "Nikisema, mafuta yangu atanunua nani?" Akafunga mlango, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Kulipokucha, mtengenezaji wa ngozi alimfukua mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa na sanda. Akamfunga katika ngozi, akaondoka naye mgongoni, asijue aende wapi.

Mnamlaani mkuu? Mkuu alisema tangu siku ya kwanza anachotaka. Mimi namwogopa yule jirani, kwa sababu alijua, akafanya mzaha. Sisi tunaye muuza maziwa anayesali kwingine. Tunamsalimu, tunamwita ndugu. Maziwa ya ng'ombe wake yakikauka, na watu wakamjia na marungu, nani kati yetu atatoka nje akasimame naye?