Twiga Alivyochagua Gari la Mwaka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na leseni za udereva, Mama Sikitu, nguchiro mwenye watoto sita, alikuwa anachambua kunde. Tumbili akaingia mbio.

"Mama Sikitu! Leo wanachagua Gari la Mwaka!"

"Najua. Usinizibie mwanga."

Mwenye gari lililoshinda ndiye hupewa kazi ya kubeba mahindi ya msitu mzima hadi mashineni. Asiyeshinda hakodiwi hata kubeba kuni. Mama Sikitu alikuwa amekosa miaka mitatu, na kunde hizo ndizo za mwisho.

"Kwani tuzo hii ilianzaje?" Tumbili akauliza.

"Babu zetu walitaka kujua gari lipi linafika mashineni wakati wa masika. Waliyapanda, wakayajaribu. Siku hizi jaji mkuu ni Twiga. Anatazama kutoka juu, anaona paa tu. La Nyati linang'aa, basi, hushinda kila mwaka!"

"Na jaji Tembo?"

"Huyo huitikia tu, ili wamalize wakale."

Mikono yake ikasimama. "Wakale? Mh!"

Akabandika chungu, akamwachia binti yake mkubwa moto, akaenda uwanjani na pikapu yake kuukuu, Tumbili ubavuni.

"Waheshimiwa, kabla hamjatangaza, karibuni kwangu. Wali wa nazi na kunde."

"Ala! Twende!" Tembo akasema.

Majaji wakajibana kwenye gari la Nyati, Nyati mwenyewe kwenye usukani, shingo ya Twiga nje ya dirisha. Mama Sikitu akawaelekeza njia ya bondeni, ile kavu akanyamaza nayo.

Vruum! Chwaaa! Gari likazama topeni hadi milangoni.

Kata-kata-kata, pikapu ikapita pembeni, juu ya mawe anayoyajua Mama Sikitu.

"Poleni, wazee wangu. Wali unapoa."

"Tupakie!" Tembo akalia.

"Humu? Paa limeota kutu. Mtaaibika."

"Shemeji, tumbo linauma!"

"Ushemeji umeanza lini? Gari la Mwaka ni lipi?"

Twiga akainamisha shingo, akatazama chini ya pikapu, mara yake ya kwanza maishani kutazama chini ya gari. "Lo! Kumbe kazi yote inafanywa na magurudumu!"

"Lipi, mheshimiwa?"

"Lako! Lako!"

"Tumbili, umesikia?"

"Nimesikia!"

Nyumbani Mama Sikitu akapakua, akahesabu: watoto sita, Tumbili, Tembo, Twiga, na Nyati aliyekuja kwa miguu, tope hadi masikioni. Kumi. Wote wapo.

Achaguaye gari kwa paa, atalisukuma.