Mlango wa Pili wa Mzee Ambakisye

Hapo zamani, si ile ya majitu bali ile ya juzi tu, watu wakiwa tayari na simu mifukoni, aliishi mzee mmoja kwenye miteremko ya Rungwe, kule ambako mvua hunyesha hata baada ya kumaliza kunyesha. Jina lake Ambakisye. Mkewe alikwisha fariki. Alikuwa na mwana, Lusekelo, fundi magari mjini Mbeya. Alikuwa na binti, Gwantwa, mwuza ndizi sokoni. Na alikuwa na mkamwana, Subilaga, mke wa Lusekelo, aliyebaki nyumbani kulima na kumpikia mzee.

Sikilizeni vizuri habari ya huyu mkamwana. Katika ukoo ule, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Hiyo si chuki, ni heshima, na wote wawili walijivunia kuitunza. Nyumba yao ya udongo ilikuwa na ukuta katikati na milango miwili: wa mbele wa mzee, wa nyuma wa Subilaga. Chakula kiliwekwa kizingitini, mwanamke akakohoa kidogo, akaondoka, mzee akatoka kukichukua. Miaka ikapita hivyo, wala hakuna aliyewahi kuifikiria ile milango. Nani hufikiria mlango?

Mwaka mmoja mteremko uliteleza ukaichukua nyumba. Mzee akahamia banda la mahindi. Subilaga akahamia kibanda cha jiko, kilichosalimika. Mzee akaanza kukohoa, na mganga wa zahanati akasema, "Kifua hiki hakitavuka masika kikilala kwenye unyevu."

Mzee akawaita watoto wake. Subilaga naye akaja, akasimama nyuma ya banda, mahali pa kusikia bila kuonekana.

"Wanangu," mzee akasema, "atakayeniingiza chini ya paa kavu kabla ya masika, shamba la chai la mtoni ni lake."

Lilikuwa shamba zuri, lakini dogo. Ungeligawa, kila mmoja angepata mahali pa kusimama tu.

Lusekelo akatoa simu yake akaonyesha picha. "Nyumba ya kuunganishwa, baba. Kuta zinatoka kiwandani zimekwisha kuwa kuta. Vyumba vitano, milango miwili, madirisha ya vioo. Fedha yote ninayo. Funguo mkononi."

"Funguo mkononi ndiyo nini?" Gwantwa akauliza.

"Ndiyo kwamba unapewa funguo, unaingia, unalala. Wewe uza ndizi, mdogo wangu."

"Nauza ndizi, ndiyo maana nauliza. Mkungu ukiulipia shambani bado si wako. Kuna mbebaji, kuna gari, kuna ushuru. Ukisahau kimoja, utakula ndizi zako mwenyewe njiani."

Akaleta ungo, akamwaga maharage juu yake. "Maharage haya ndiyo fedha yako, kaka. Nipe namba ya huyo muuzaji."

Akampigia, wote wakasikiliza. Muuzaji alikuwa dada mpole, hakuficha kitu. "Juu ya msingi ni sisi," akasema. "Chini ya msingi ni mwenye kiwanja."

Gwantwa akasogeza fungu la maharage pembeni. "Huo ni msingi. Na kwa mteremko wetu, ni msingi na ukuta wa kuzuia udongo."

"Si wamesema funguo mkononi?"

"Funguo mkononi, kaka. Msingi miguuni." Akamuuliza muuzaji habari ya choo. Shimo la choo lilikuwa la mwenye kiwanja. Akasogeza fungu. Akauliza habari ya maji. Bomba liliishia ukutani, kutoka ukutani hadi mtoni ni la mwenye kiwanja. Akasogeza fungu. Akauliza habari ya lori.

"Lori linafika popote penye barabara," yule dada akasema.

Gwantwa akatazama njia yao, ambayo hata mbuzi huishuka kwa kufikiri. Akasogeza fungu kubwa. "Majirani watakuja kuipanua na kusukuma lori, lakini hawatasukuma na njaa. Mchele, nyama, togwa." Akasogeza fungu la mwisho.

Yaliyobaki katikati ya ungo hayakutosha vyumba vitano. Lusekelo akacheka kama mtu aliyekanyaga jembe, mpini ukampiga usoni. "Haya, mama mweka hazina. Kuna ya vyumba vitatu."

"Hiyo inatosha."

Wakanunua ya vyumba vitatu. Picha yake ikazunguka kwa watu wote wa nyumbani, hata Subilaga akapelekewa jikoni akaitazama. Kila fungu likaenda kwenye kazi yake. Msingi ukakauka vizuri, shimo likachimbwa, njia ikapanuliwa, lori likasukumwa na watu waliokula wakashiba. Mafundi wa kampuni wakafunga kuta kwa skrubu, wakaweka paa, wakamkabidhi Lusekelo funguo. Maharage yalikuwa yamekwisha yote, hata ungo ukarudishwa kupepetea mchele.

Mawingu ya masika yalikuwa yamekaa mlimani. Mzee akaja na kigoda chake, akasimama mbele ya nyumba, akaizunguka, akarudi mahali pale pale.

"Ingia, baba," Lusekelo akasema.

"Mkamwana wangu atapita wapi?"

Wote wakaitazama nyumba. Ilikuwa na mlango mmoja. Mzee akageuka, akabeba kigoda chake, akarudi bandani akikohoa.

"Ile niliyoichagua mimi ilikuwa na milango miwili," Lusekelo akamwambia Gwantwa.

"Ile uliyoichagua wewe ingekuwa na milango miwili na ingelala barabarani haina msingi."

Kiongozi wa mafundi akasema angeweza kukata ukuta wa nyuma na kuweka mlango. Lakini ukuta wa kiwandani ukikatwa, kampuni haiusimamii tena, ukivuja ni wenu. Na mlango ni fedha, na kazi ni fedha, na lori lingeondoka mchana ule. Lusekelo akaingiza mkono mfukoni, ukatoka na funguo tu.

Ndipo wakamwona Subilaga akitoka migombani, anavuta mtamba kwa kamba. Mtamba ule alipewa na mama yake siku alipojifungua mtoto wa kwanza, naye ndiye alikuwa akiba yake yote. Mchinja nyama wa sokoni alikuwa nyuma yake, anahesabu noti za kumnunua.

"Fundi," Subilaga akasema, "kata ukuta."

Mlango ukawekwa. Mzee akaingia kwa mlango wa mbele, Subilaga akaingia kwa mlango wa nyuma, na mvua ya kwanza ikaanza kupiga bati. Hakuna tone lililoingia. Baada ya siku chache kikohozi cha mzee kilishuka, kikawa cha kusafisha koo tu.

Mzee akawaita tena. Subilaga akakaa upande wake wa ukuta.

"Shamba ni langu," Lusekelo akasema. "Bila mimi pasingekuwa na nyumba ya kuhesabiwa. Miaka yote nimelala chini ya magari ya watu. Huyu alihesabu maharage, lakini maharage yalikuwa yangu."

"Shamba ni langu," Gwantwa akasema. "Bila mimi ungenunua kuta zikaozea barabarani. Kununua nyumba ni jambo moja, kuifikisha ni jambo lingine. Mimi niliifikisha."

"Uliifikisha bila mlango."

"Wifi aliiona picha," Gwantwa akasema. "Wifi, mbona ulinyamaza?"

Sauti ya Subilaga ikatoka ukutani, taratibu. "Mlihesabu matumbo ya wasukuma lori. Miguu yangu hamkuihesabu, wala hamkuniuliza. Ni kweli niliona, ni kweli nilinyamaza; nilidhani nitabaki jikoni, nikadhani baba ataingia tu. Sikujua kwamba atarudi bandani kwa ajili yangu. Lakini baba alisema atakayemwingiza. Nyumba ilisimama, naye akabaki nje. Aliingia siku mtamba wangu alipouzwa."

Mzee akaugeukia ukuta, akausemesha ukuta, maana kuusemesha ukuta si kosa.

"Ewe ukuta, mwambie aliye upande wa pili: ndaga, asante. Nimesikia."

"Ewe ukuta," ukajibiwa, "mwambie chakula kiko kizingitini."

Mzee akala. Akamaliza, akanawa, na bado hakuwa amemtaja mtu. Majani ya chai mtoni yalikuwa yameanza kuchipua kwa mvua ile, na chai haimngoji mwenye shaka.

Basi ninyi mliokaa pakavu mkinisikiliza, msaidieni mzee. Mmoja alinunua, mmoja alihesabu, mmoja alifungua ukuta. Je, shamba la mtoni alistahili nani?